Mzee mcheshi akifariki, watani wazuiwe msibani? Nasimulia ya babu yangu wa Songea

Mleta uzi, pole sana kwa msiba. Umesema babu yenu amefariki, mzee aliyekuwa akichekesha kijiji kizima, na sasa ukoo umegawanyika. Waliotoka mjini wanataka mazishi ya utulivu, yenye ratiba, na hawataki watani wala wajukuu wafanye vituko mbele ya jeneza. Waliobaki kijijini wanasema mzee yule hazikwi kimya. Umeomba waliopitia jambo hili wakueleze. Mimi nililipitia Juni 2013, tulipomzika babu yangu mzaa baba, Mngoni wa Songea, na nilikuwa upande wa wale wa mjini. Nitaeleza kwa urefu, mnivumilie, maana bila kumjua mzee mwenyewe hamtaelewa kilichotokea.

Babu alikuwa mtu wa kijiji kimoja njia ya Peramiho, mkulima wa mahindi na maharage, mwembamba, mwenye koti la kijivu alilolivaa kiangazi na masika. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua. Alisema ni miaka ya nzige, nasi tukapiga hesabu tukaona ni mwanzoni mwa miaka ya 1930. Shule yake iliishia darasa la pili la misheni. Lakini hapakuwa na shughuli pale kijijini, iwe harusi, kipaimara au mkutano wa serikali ya kijiji, ambayo watu hawakuuliza kwanza, "Mzee kafika?" Akialika watu kulima, shamba lilijaa. Wakati wa kupumzika aliigiza namna kila mmoja wao anavyoshika jembe, na yule aliyeigizwa ndiye aliyecheka kuliko wote.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Sikumbuki mtu aliyeondoka kwa babu akiwa na aibu. Alijua wa kumtania na wa kumwacha. Kuna mama jirani yetu alifiwa na mtoto wake wa pekee. Babu alikwenda kwake kila jioni kwa zaidi ya wiki, akaketi kwenye kigoda nje ya jiko lake, akasokota kamba mpaka giza, akaaga, akarudi nyumbani. Hakusema kichekesho hata kimoja.

Kamba hizo alizisokota kwa katani. Alilowesha nyuzi kidogo kwa mate, akazilaza juu ya paja la kulia, akazivingirisha kwa kiganja kwenda mbele, kisha akazirudisha, na kamba ikawa inatoka upande wa pili kama nyoka anayetoka shimoni. Paja lake lile halikuwa na unyoya hata mmoja, limeng'aa kama mpini wa jembe la zamani. La kushoto lilikuwa na malaika kama la mtu mwingine yeyote. Tulipokuwa wadogo alituambia paja moja alizaliwa nalo Ungoni na jingine alilinunua Tanga, na mimi niliamini mpaka nikafika darasa la nne.

Alikuwa na redio ya betri nne, na betri zikichoka alizianika juani juu ya bati ili zisukume siku mbili tatu zaidi. Asubuhi mtangazaji akisema, "Hapa ni Radio Tanzania, Dar es Salaam," babu alivua kofia na kuijibu redio, "Na sisi huku tumeamka salama, isipokuwa kuku mmoja." Kisha alinyamaza, akasikiliza taarifa ya habari yote kwa makini kabisa. Timu ya mpira ya Majimaji ya Songea, Wana Lizombe, walipotwaa ubingwa wa Muungano katikati ya miaka ya 80, baba anasema babu alicheza lizombe uani peke yake, bila ngoma, na majirani walipofika wakamkuta bibi anampigia sufuria.

Kwa sisi wajukuu ndiyo usiseme. Wote mnajua mjukuu na babu ni watani, lakini babu yangu aliifanya kazi hiyo bila likizo. Dada yangu alikuwa "mke mdogo". Kila likizo babu alimuuliza baba yetu, mbele za watu, posa yake imefikia wapi, na mbona mkwe anamzungusha. Dada alipoingia chuo kikuu, babu aliazima simu ya katekista akampigia: "Nasikia huko kuna vijana wenye miwani wanakuzunguka. Waambie una mume, ana ng'ombe wawili na paja moja la Tanga." Dada anasema alikuwa amekaa wiki nzima akilia kwa upweke, na siku ile ndipo alipoanza kula vizuri.

Mimi bibi aliniita "mume wangu", kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, kwa hiyo kwa babu nilikuwa mgoni. Nikiingia jikoni kukaa na bibi, babu alitokea mlangoni na fimbo, akapaza sauti majirani wasikie: "Njooni mshuhudie! Nimemfumania mgoni wangu, tena ni Mngoni mwenzangu!" Basi nilitozwa fidia ya ugoni palepale: kumletea maji ya kuoga, au kumkuna mgongo, au kumsomea barua. Huyo ndiye mzee tuliyekuja kumwandikia ratiba ya mazishi yenye vipengele kumi na vinne, na neno "utulivu" likiwa juu kabisa.

Sasa nimlete mtu wa pili katika habari hii, maana swali lako hasa linamhusu yeye.

Katika miaka ya 50 babu alikwenda manamba. Vijana wengi wa Ungoni walikwenda. Walipakiwa kwenye malori, wakapelekwa kukata mkonge Tanga, wakapewa kipande cha kuhesabia siku za kazi. Huko kambini, njia ya Korogwe, babu alipangwa chumba kimoja na kijana wa Kihehe kutoka Iringa. Ninyi mliokulia mijini huenda hamjui, lakini Mngoni na Mhehe ni watani wa asili. Wangoni walipanda kutoka kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na vizazi vilivyofuata vilikuja kupambana na Wahehe kati ya mwisho wa miaka ya 1870 na mwanzo wa 1880. Damu ilimwagika sana na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Baadaye ule uadui ukageuka utani: unamtukana mtu ambaye babu yake alipigana na babu yako, naye hana ruhusa ya kukasirika, na mkishatukanana mnakula sahani moja.

Kambini utani ulikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuchekesha. Mtu akifia kule, ukoo wake uko mbali, mwendo wa siku nyingi, na barua inachukua wiki. Aliyeosha maiti ni mtani. Aliyechimba kaburi ni mtani. Aliyesimama mbele ya wenzake waliojikunyata kwa hofu, akasema neno la kuwachekesha ili waweze kula usiku ule, ni mtani. Babu alisema walizika vijana watano namna hiyo. Yeye na yule Mhehe waliapizana kwamba atakayetangulia atazikwa na mwenzake, popote pale.

Mwaka 1954, mwezi wa Juni, fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudishwa Uhehe kutoka Ujerumani, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi. Habari ikafika kambini na Wahehe wakacheza usiku kucha. Asubuhi babu akamwamkia mwenzake: "Hongera mtani. Miaka yote hii mmeishi bila kichwa, sasa labda mtapata akili." Yule Mhehe akamjibu, "Sisi chetu kimerudi. Chenu nyie kikirudi mtuite tuje tuchinje." Maana na kwetu inasimuliwa kwamba Nduna Songea Mbano, kiongozi wetu Wangoni katika Vita vya Majimaji, walipomnyonga Wajerumani mwaka 1906, kichwa chake kilipelekwa kwao. Babu alituhadithia jibu lile zaidi ya mara mia, na kila mara alicheka mpaka akashika ubavu. Alicheka kwa sababu alishindwa. Alipenda kushindwa na mtu mwenye maneno.

Baadaye yule Mhehe alikuja Peramiho kujifunza useremala, akaoa Mngoni, akajenga kijijini kwetu, nyumba ya nne kutoka kwa babu. Tangu hapo babu hakupata amani wala hakuitaka. Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, na babu siku zote alifuga mbwa. Kila mtani wake alipojitokeza kwenye kona ya njia, babu aliinuka na kupiga yowe, "Wafungeni mbwa! Shemeji zenu wanakuja!" Nasi tulikimbia na ile kamba ya katani, tukamfunga mbwa nyuma ya ghala, hata kama amelala. Mtani naye akifika uani aliinua nyungo na kuchungulia chini ya vitanda, akisema anatafuta panya waliofichwa, maana Wangoni hutaniwa kwa kula panya. Akishamaliza upekuzi, ndipo anakaribishwa. Waliufanya mchezo ule zaidi ya miaka arobaini. Mbwa mwenyewe aliuzoea, akimwona Mhehe anakwenda nyuma ya ghala kungoja kamba.

Babu alifariki usiku, usingizini. Kikao cha ukoo kilifanyika Dar es Salaam, sebuleni kwa baba mkubwa. Baba mkubwa ni mzee wa kanisa, mtu makini, aliyemtunza babu kwa dawa na mabati na kila kitu, na sitaki mtu amfikirie vibaya. Aliogopa. Alijua wageni wa ofisini kwake watakuja, na alikwisha kuona msiba mahali fulani ambako watu waliojiita watani walilizuia jeneza kwa saa mbili wakidai laki kadhaa, mpaka mvua ikanyesha na padri akaondoka. Akasema, "Safari hii hapana. Baba atazikwa kwa heshima." Tukakubali. Mimi ndiye niliyeichapa ratiba kwenye kompyuta ya kazini, na chini nikaandika kwamba wafiwa wanaomba pasiwe na utani wa aina yoyote. Jeneza likanunuliwa mjini, la kung'aa, lenye dirisha la kioo.

Tuliondoka Ubungo alfajiri, tukapandisha Kitonga, tukapita Iringa, Makambako, Njombe, tukaingia Songea baridi ikiwa inauma kama inavyouma kule mwezi wa Juni. Tulifika nyumbani jioni. Wanawake walikuwa wanalia, wanaume wamezunguka moto. Tukateremsha jeneza, tukaliingiza ndani.

Dakika chache baadaye mtani akaja. Nilikuwa mlangoni, nilimwona vizuri. Alikuwa amevaa aproni ya kazi, vumbi la mbao kwenye nyusi, na mkononi ameshika kamba ya babu, ile ya kumfungia mbwa. Alikuwa amekuja kumpima marehemu. Mbao alikwisha kuziandaa, zimepigwa randa, ziko karakanani kwake. Akachungulia ndani, akaliona jeneza la kioo. Akalitazama kwa muda. Kisha akaanza kuiviringa ile kamba kwenye kiganja na kiwiko, taratibu, mpaka ikaisha, akaitia mfukoni, akaenda kuketi mbali na moto, chini ya mwembe. Hakuna aliyepiga yowe la mbwa. Mbwa mwenyewe alikwenda nyuma ya ghala, akakaa huko akingoja.

Nimewahi kusikia vilio vingi, lakini kimya cha usiku ule ni kibaya kuliko vyote nilivyovijua. Watu walikunja mikono wakakaa kama wako kituo cha polisi. Watoto walinyamazishwa. Chakula kilipakuliwa na kikarudi. Nikasikia bibi, aliyekuwa amelala mkekani karibu na jeneza, akiuliza, "Mtani yuko wapi?" Shangazi akamwambia yuko nje, amekaa. Bibi akauliza, "Anasema nini?" Shangazi akajibu, "Hasemi kitu." Bibi akainuka akaketi, akamwita baba mkubwa kwa jina lake la utotoni, akamwambia: "Basi mume wangu amekufa kweli. Mpaka saa hizi nilikuwa bado sijaamini."

Baba mkubwa alitoka nje. Aliniita niende naye. Tulimkuta mzee pale chini ya mwembe, na baba mkubwa, mtu ambaye sijawahi kumwona akipiga goti nje ya kanisa, alichuchumaa mbele yake akasema, "Baba, tumekosa." Mzee hakujibu upesi. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Kosa la Mngoni haliishi kwa kuchuchumaa. Nataka jogoo. Tena awe mnene, maana nimekonda kwa kuwangoja." Baba mkubwa akacheka kidogo, akajizuia. Mzee akamwambia, "Usijizuie. Unamzibia baba yako."

Kulipokucha alianza kazi. Kwanza aliingia kaburini, akalala chali, akasema shimo ni zuri mno kwa Mngoni, hatoki humo, Wangoni wakamtafutie ndugu yao shimo la panya. Vijana waliochimba wakamlipa sigara mbili ndipo akatoka. Halafu alikuja nyumbani akafunga mlango kwa ile kamba, jeneza likiwa ndani, akasema anayetaka kutoka na mtani wake alipe deni la mwaka 1954. Wajukuu tukasimama upande wake. Dada yangu akajitupa mlangoni akilia kwamba yeye ni mke mdogo, mahari haikulipwa, hatoki mtu. Alikuwa analia machozi ya kweli na kucheka kwa pamoja. Nilipata elfu mbili ya fidia yangu ya ugoni kutoka kwa rafiki wa baba mkubwa, bosi mmoja wa Dar, aliyeitoa huku akifuta macho.

Kisha mzee akaingia ndani, akatoka amevaa koti la kijivu la babu, kofia ya babu, redio ya babu kwapani. Akatembea. Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Babu alikuwa na mwendo wa kuinua goti la kushoto juu kidogo, kama anavuka kisiki, na akifika mbele ya watu alisimama na kutikisa kichwa mara mbili kabla ya kusalimia. Mzee yule alitembea hivyo hivyo. Aliishika redio, akavua kofia, akaiambia, "Na sisi huku tumeamka salama, isipokuwa mtu mmoja."

Uwanja wote ulilipuka. Bibi alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Baba mkubwa alicheka kwa sauti, akashika ukuta, na kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa cha mtoto aliyefiwa na baba, cha kwanza tangu simu ya msiba ilipoingia. Mzee alimfuata akiwa na koti lile lile, akamkumbatia, akamwacha alie. Padri alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye kiti chake, hakusema neno mpaka walipomaliza. Ibada ilichelewa dakika arobaini. Tuliimba vizuri kuliko tulivyowahi kuimba.

Kwa hiyo, mleta uzi, ushauri wangu ni kwamba msiwazuie, ila jipangeni nao. Sisi tulikosea kwa kuamua mbali na wao. Leo hii, kabla ya kesho, mtumeni mtu mzima wa ukoo akawaone wazee wa watani, aende na chochote, hata kuku, awaambie ibada ni saa ngapi na wageni ni wa namna gani. Mtani wa kweli akiheshimiwa anajua mipaka. Mwelezeni padri au shehe au mchungaji mapema, awaachie muda kabla ya ibada, si katikati. Wekeni chenji, noti ndogondogo, mgawieni mtu mmoja azishike. Anayekuja kudai laki hamumjui, hajui hata jina la marehemu, huyo si mtani, mwondoeni bila haya. Na mtani asipewe kipaza sauti cha kukodi. Utani unataka uso kwa uso.

Pia angalieni kifo chenyewe. Mzee aliyekula chumvi akaondoka usingizini, huyo anachekewa. Mtoto, kijana, mama aliyefariki akijifungua, mtu wa ajali, hapo watani wenyewe hunyamaza, huchimba kaburi na kupika na kukaa na wafiwa. Nimekwisha kusema babu alivyofanya kwa yule mama jirani. Kama katika familia yenu kuna mtu asiyeweza kabisa kuvumilia, labda mjane mwenyewe, aulizwe yeye kwanza. Sisi hatukumuuliza bibi, tukamwamulia, na ndilo jambo linaloniuma mpaka leo kuliko lile la jeneza. Na wajukuu waacheni. Hata yule wa mjini asiyejua Kingoni wala Kihehe wala Kisambaa, mwambieni tu kwamba babu alikuwa mtani wake, ataona la kufanya.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, makabila yanakwisha. Sibishani naye sana. Nitamwambia tu kilichofuata.

Baada ya mazishi mtani alikwenda nyuma ya ghala, akamfunga mbwa wa babu kwa ile kamba, akaondoka naye kijiji kizima kikimzomea na kuagana na mbwa. Mbwa yule aliishi kwake akilala chini ya meza ya useremala, kwenye maranda, amenenepa, mpaka alipokufa kwa uzee mwaka 2015. Mzee alimzika nyuma ya karakana. Nilipokwenda likizo nikamuuliza kwa nini asingemla, akasema alimuonja sikio akakuta lina ladha ya Kingoni. Kamba aliitundika msumarini.

Mwaka 2017 simu ikapigwa usiku. Alikuwa binti yake. Alisema, "Mzee ametangulia. Mama anauliza kama utakuja." Sikuuliza ratiba. Baba mkubwa alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri, akanipa nauli na jogoo wa kununua njiani, akaniambia nivae lile koti la kijivu, alilokuwa amelitunza kabatini kwake.

Nilishuka Songea jioni, nikachukua bodaboda mpaka kwenye ile kona ya njia. Moto ulikuwa unawaka uani, watu wamekaa kimya. Nilisimama gizani kidogo, miguu inatetemeka, maana sijawahi kufanya jambo lile na mwenye kulijua alikuwa amelala ndani. Nikainua goti la kushoto juu kidogo, nikatembea. Nikapita karakanani, nikaichukua kamba msumarini. Nikasimama mlangoni, nikatikisa kichwa mara mbili, nikapiga yowe kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Wafungeni mbwa! Nimekuja kumpima shemeji!"

Mjane wake aliinua uso mkekani, mashavu yamelowa, akaliangalia lile koti. Kisha akaanza kucheka, akasogea pembeni ya mkeka kunipisha, akasema, "Umechelewa, Mngoni. Amekungoja tangu asubuhi."